Zulia la elfu 85 limeniletea wakili

Jamani hivi mtu anaweza kudaiwa kwa sababu amekataa kuibiwa? Ngoja niwaambie yaliyonikuta.

Mama watoto kaona zulia Instagram, la manyoya, rangi ya maziwa, limetandikwa sebuleni kwa watu, pembeni meza ya kioo na maua, chini wameandika futi 5 kwa 8, elfu 85 tu, ofa, njoo DM mpendwa. Nikauliza mbona rahisi hivyo, nikajibiwa we kila kitu unakitilia mashaka ndo maana mpaka leo tunakalia mkeka. Nikalipa kwa simu, na makato juu. Yule dada aliniita mpendwa mpaka meseji ya muamala ilipoingia, baada ya hapo nikawa "kaka subiri boda".

Boda kaja saa moja usiku na kimfuko kama cha chapati mbili. Nikajua hiyo ni zawadi ya mteja, zulia lenyewe linakuja nyuma na bajaji. Kumbe ndo lenyewe! Tumelitandika, paka akalala juu, mkia na miguu ya nyuma vikabaki sakafuni. Tulilipima kwa rula ya shule ya mtoto, sentimita 60 kwa 40. Nampigia muuzaji ananiambia kaka si picha uliiona, na rangi si hiyohiyo? Akanibloku.

Basi nikapiga huduma kwa wateja ya mtandao wa simu, nikasikiliza ule muziki wao weee mpaka nikaukariri, nikamwambia binti aliyepokea kwamba nimekosea muamala. Na kweli nilikosea, nilikosea kumwamini mtu. Wakaizuia hela, wakasema mpokeaji akikubali inarudi. Sasa mpokeaji gani huyo atakubali? Kwa hiyo mi hela sina, yeye hana, mtandao ndo unailea.

Jumatatu nimening'inia kwenye mwendokasi, WhatsApp ikaingia PDF. Nembo ya mizani, muhuri, Kiingereza mwanzo mwisho, wakati sheria ilishabadilishwa tangu 2021 kwamba lugha ya mahakama ni Kiswahili, ila hawa ndugu zetu bila kukutishia kimombo hawajisikii kama wamefanya kazi. Nilichoelewa ni jina langu, siku 14, na milioni 2. Jasho lilinitoka mpaka abiria mmoja akanipisha nikae.

Kijiweni kila mtu wakili. Mmoja kasema badili laini, mwingine hama mtaa, mzee wa kahawa kasema na yeye aliwahi kuandikiwa kama hiyo akaifungia vitumbua na mpaka leo yuko hai.

Nikamwita mpwa wangu anayesoma sheria Mlimani, mwaka wa 2, akaja kwa sharti la pilau. Akasoma huku anacheka, jambo ambalo mi naona si heshima. Anko, anasema, hii siyo hukumu, ni notisi ya madai tu, wakili kaandika alichoambiwa na mteja wake. Ila usinyamaze, ukinyamaza wakaenda mahakamani watasema tulimwandikia akatudharau. Akasema Sheria ya Uuzaji wa Bidhaa inataka kitu ulichokiuza kwa maelezo kifanane na hayo maelezo, na futi 5 kwa 8 kaandika mwenyewe, na skrinshoti zinapokelewa kama ushahidi, ipo kwenye Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya 2015. Nikaanza kunenepa. Nikamwongezea nyama.

Kufika ukurasa wa pili akaacha kucheka. Anko, elfu 85 ya zulia nimeiona, hii 1,915,000 wanasema umemharibia jina la biashara, ulifanya nini?

Jamani mi niliandika kidogo tu. Niliandika HUYU NI MWIZI. Chini ya kila posti yake. Zilikuwa 31, pamoja na ile ya mwanae anakata keki, na aliponibloku nikahamia akaunti ya mama watoto.

Mtoto wa watu akaweka kijiko chini. Tumefuta moja moja mpaka saa sita usiku.

Halafu jibu. La kwanza niliandika mwenyewe kurasa 3, linaanza "Ewe mwanamke usiye na haya". Kalikata likabaki nusu ukurasa: barua yenu tumeipokea, madai tunayakataa, kilicholetwa sicho kilichotangazwa, mzigo upo tayari kurudishwa, hela ikirejeshwa yameisha, na haya yote bila kuathiri haki zetu. Na hiyo stori ya kukosea muamala uiache, sema ulilipa ukaletewa siyo. Nikamwuliza mbona humu hamna hata hasira kidogo? Akasema hasira inalipiwa anko, si umeona bei yake hapo juu. Na zulia akalitia kwenye mfuko akalifunga, likapanda juu ya kabati, eti lisiguswe, ni kielelezo. Paka ananiangalia kama mi ndo tapeli.

Siku ya 13 nikapeleka mwenyewe, nakala mbili, moja nigongewe muhuri wa kupokelewa nibaki nayo. Kariakoo, ghorofa ya 4, lifti mbovu. Nilijiandaa kukuta ofisi ya kutisha, nimekuta meza moja, feni inayolia kama mbuzi, na sekretari anakula mihogo. Kaisoma barua yote, kidole kikifuata mistari, akainua macho: kumbe we ndo wa zulia!

Akagonga muhuri. Akanitazama, akatazama mlangoni, pale wateja wanapoingia na vumbi lao wanajifutia miguu kwenye boksi la katoni lililokunjuliwa.

"Kaka, hilo zulia unaliuzaje?"

Nikamwambia dada siwezi, lile ni kielelezo. Akavuta kalamu.

"Basi niachie namba, kesi ikiisha unishtue."