Dakika 10 za Dalali

Naomba nionyeshwe mtu ambaye madalali walimtumia kupima njia. Huyo lazima ana miguu ya twiga, maana kila chumba cha mwanafunzi ninachoonyeshwa kiko "dakika 10 tu kutoka chuoni". Binadamu wa kawaida anatembea kama kilomita 5 kwa saa, kwa hiyo dakika 10 hazimfikishi hata kilomita moja. Nyumba niliyopelekwa juzi, hata ukipanda juu ya paa na darubini, chuo hukioni. Namuuliza dalali hizo dakika 10 kazitoa wapi.

"Inategemea, kijana wangu. Usiku barabara ikiwa nyeupe, ukiwa na pikipiki, hazifiki hata hizo 10."

Usiku! Kwani mimi nasomea uchawi?

Na vyumba vyenyewe wanavionyesha saa nne asubuhi, wapangaji wote wametoka, nyumba imetulia tuli, unajiona kabisa umekaa pale mezani unakula kitabu. Hakuna anayekutajia jirani wa kushoto mwenye spika iliyozidi kabati lake kwa kimo, ambaye hurudi saa sita usiku akiwa na furaha zake. Ukiomba urudi usiku ukasikilize mwenyewe, unaambiwa una mambo mengi. Ukiuliza kama maji yapo, jibu ni "yapo". Fungua bomba sasa! Linakohoa mara mbili, linatema kutu, linanyamaza. Na mwenye nyumba kakukazia macho, anataka kodi ya mbele na amana juu, ile amana ambayo siku ya kuhama itakatwa kwa ajili ya tundu la msumari ulilolikuta ukutani. Piga picha kila ukuta siku unayoingia, nakwambia. Piga hadi dari.

"Basi si ukae hosteli?" Wanaosema hivyo hawajawahi kulala na mwenzangu wa chumba. Hosteli iko karibu, hilo silikatai, unaweza kutoka kitandani kipindi kinaanza na ukafika kabla mwalimu hajamaliza kuita majina. Lakini watu wa kulala nao unapangiwa. Mimi nimepangiwa jamaa ambaye kila usiku anatega alamu ya saa kumi alfajiri, eti anaamka kujisomea. Simu anaitumbukiza kwenye ndoo tupu ili sauti ipande. Saa kumi ikigonga, ndoo inanguruma, chumba kizima macho, chumba cha pili macho, na nina hakika hata mlinzi getini anashtuka. Yeye anavuta shuka. Tukimtingisha anafungua jicho moja: "Kumbe mnasomaga saa hizi? Hongereni." Analala tena. Kuhusu kupika, ni marufuku, na kweli hakuna anayepika. Ni masanduku tu ya chini ya vitanda yanayotoa moshi.

Kwa mjomba nako nimependekezewa. Bure kabisa! Bure yenyewe unawafundisha watoto hesabu, unatengeneza simu ya shangazi ambayo haijaharibika, na wewe ndiye unayefungua geti kwa kila anayebisha hodi. Ukichelewa kurudi, mjomba yuko sebuleni taa imezimwa, anakusubiri akuulize maktaba inafungwa saa ngapi. Tuendelee.

Ndiyo tukaona tukodi nyumba nzima, washikaji wanne, kila mtu chumba chake, mambo ya kiungwana. Siku ya kwanza tulipeana mikono. Bili ya umeme ilipokuja tukaanza kuangaliana. Kuna mmoja wetu ana birika la umeme la wati 2,000, na analichemsha asubuhi, mchana na usiku. Birika hilo likikaa motoni nusu saa, limekula uniti nzima. Mimi nina chaja ya simu ya wati 5. Chaja hiyo, ili nayo ile uniti moja, inabidi ivute umeme mfululizo saa 200, yaani zaidi ya siku nane, usiku na mchana. Nikapiga hesabu kwenye karatasi, nikaibandika jikoni. Mwenye birika akaisoma taratibu, akanywa chai yake, akasema, "Sisi ni ndugu bwana, tugawane sawa kwa sawa." Wengine wawili wakaitikia kwa kichwa. Mmoja ana pasi, mwingine ana jiko la umeme.

Halafu kuna sufuria. Lipo kwenye karo, lina maji, juu kuna utando ambao sasa umeanza kuota manyoya. Ukiuliza, jibu ni "limelowekwa". Nani kaliloweka? Kimya.

Mwenzetu wa nne alikuja kuhama ghafla. Na kwa kuwa wote tulisaini mkataba mmoja, pengo la kodi yake likatuangukia sisi tuliobaki. Tukaitisha kikao. Kwa mara ya kwanza tangu tuingie humo ndani tulikubaliana kila kitu bila kelele: deni ni lake, sufuria ni lake, nywele zilizoziba bomba la bafu ni zake, na sukari yangu kala yeye. Jana balbu ya ukumbini imeungua. Hiyo nayo tumempa.