Mpigieni Makofi!

Jamani, nina swali moja tu. Hivi mtu mzima afanye nini ili apigiwe makofi katika nyumba hii?

Maana bwana mdogo akicheua, makofi. Akipiga chafya halafu akajishtua mwenyewe, makofi, na simu inatafutwa haraka arekodiwe. Mimi jana nimepanda juu ya stuli, nimebadilisha taa iliyoungua tangu mwezi uliopita, nimeshuka salama bila kuvunja kiuno. Nimeambiwa nini? "Stuli uirudishe ulipoitoa."

Mwanzoni sikuwa na kinyongo. Mimi ndiye nilikuwa kiongozi wa shangwe. Kipindi anasimama dede, kashikilia kochi, magoti yanamtetemeka kama mtu aliyeitwa kutoa hotuba bila kujiandaa, nilikuwa nachuchumaa upande wa pili, nimenyoosha mikono, naita "dede, dede" mpaka jirani anachungulia. Na huyo jirani ndiye aliyetukosesha amani. "Wa kwangu alitembea na miezi 9." Ukimsalimia asubuhi: miezi 9. Ukimuuliza kama kwake maji yanatoka: yanatoka, ila wa kwangu alitembea na miezi 9. Wa kwetu alikuwa na miezi 14 na bado anakwenda kwa makalio, mguu mmoja kautanguliza, kama mtu anayepiga kasia.

Nikaenda kutafuta silaha. Kumbe Shirika la Afya Duniani liliwafuatilia watoto wa Ghana, India, Norway, Oman na Marekani, likatoa matokeo mwaka 2006: mtoto mwenye afya yake anaweza kuanza kutembea peke yake wakati wowote kuanzia miezi 8 na kitu mpaka miezi 17 na nusu. Tena wapo, kama 4 katika kila 100, ambao hawatambai kwa mikono na magoti hata siku moja, wanafika wanakokwenda kwa njia zao. Nikayakariri yote. Nikamvizia jirani mlangoni, nikamshushia nchi moja baada ya nyingine. Akanisikiliza mpaka mwisho. Akasema, "Sawa, lakini wa kwangu..."

Basi, miezi 15, akatembea. Hatua tatu, kutoka kwenye kochi mpaka mezani, halafu akaketi pu! na kutuangalia kama tumeona. Makofi, vigelegele, mama yake machozi. Ningejua, ningenyamaza. Mtoto wa kutambaa unajua yuko wapi, unamsikia sakafuni. Wa kutembea hana sauti. Unageuka kuchukua taulo, ukirudi rimoti iko ndani ya ndoo ya maji, naye amesimama pembeni na uso wa mpita njia. Wiki nzima tulimbembeleza "Njoo! Njoo!" Sasa wimbo ni "Kaa! Kaa chini wewe!" Ananitazama kama mwajiri asiyejua anataka nini, na kwa kweli simlaumu.

Baada ya miguu ikaja akili, na hapo ndipo nilipoibiwa kabisa. Zamani nilikuwa naficha simu chini ya mto, na kwake ilikuwa imekwisha, imetoweka duniani, anaendelea na mambo yake. Siku hizi ananisubiri nimalize kuficha, kwa adabu, halafu anakwenda kuinua mto. Nimehamishia kabatini juu, anasukuma stuli. (Ile ile ambayo sikuirudisha.)

Nikasema ngoja nimpime. Nilisoma kwamba mwaka 1972 mtafiti Beulah Amsterdam alichapisha jaribio: unampaka mtoto rangi puani bila yeye kujua, unamweka mbele ya kioo. Akigusa pua ya yule wa kwenye kioo, bado anadhani ni mwenzake. Akigusa pua yake mwenyewe, ameshajijua, na wengi huanza kujijua kati ya miezi 18 na 24. Nikachukua rangi ya mdomo ya mama yake, nikampaka kidogo huku najifanya namfuta kamasi. Akajitazama. Akasogea karibu mpaka kioo kikaingia ukungu. Akagusa pua yake, akakiangalia kidole chenye wekundu, akatafakari, kisha akaja kukifuta kwenye shati langu jeupe. Kafaulu. Nikapiga makofi peke yangu, maana mama yake alikuwa ameshika ile rangi ya mdomo iliyovunjika kichwa, ananiuliza kwa upole nina miaka mingapi.

Kuongea nako. Tuliambiwa akikaribia miaka miwili aanze kuunganisha maneno mawili. Tukawa tunahesabu: "maji", "toka", "yangu", na neno moja la matusi ambalo kila mmoja wetu anasema limetoka ukoo wa mwenzake. Tunasubiri aunganishe. Kumbe kwa lugha yetu hii hana haja ya kujisumbua. Alianza na "sitaki". Ukilichambua neno hilo, nafsi imo, kukanusha kumo, kitendo kimo. Sentensi nzima, na mtu mwenyewe bado anavaa nepi. Kuoga? Sitaki. Kutoka bafuni? Sitaki. Siku moja nilimuuliza, kwa ujanja wa kizee, "Hutaki kulala?" Akafikiri. "Sitaki." Nikabaki natafuta kama nimeshinda au nimeshindwa.

Halafu likaja "mwenyewe", na hapo saa ya nyumba ilisimama. Nitawaambia habari ya viatu tu. Tunatoka, tumechelewa, gari limefika. "Mwenyewe!" Anakaa kwenye kizingiti. Anachukua cha kulia, anakigeuza, anakinusa. Anakiweka mguu wa kushoto. Ulimi uko nje kwa sababu ya bidii. Kisigino hakiingii, anakisukuma kwa ngumi. Mimi naingiza kidole kimoja tu, kimoja, kumsaidia. Jamani! Kilio kile kilifanya wapita njia wasimame. Akavivua vyote viwili, akavirudisha mahali pake ukutani, akaanza upya tangu kuchagua kiatu. Dakika ishirini. Tulipofika tunakokwenda amevaa cha kulia kushoto na cha kushoto kulia, miguu imetazama pande mbili kama saa mbovu, na anatembea kifua mbele. Watu wakasema, "Kavaa mwenyewe? Mpigieni makofi!"

Meno sitayasemea sana. Yako 20 yatakapotimia, na magego yalipoanza kutoka bega langu ndilo lililojua.

Usingizi, wanasema mtoto wa umri huu alale kati ya saa 11 na 14 katika siku nzima, na wa mchana ukiwemo. Wa kwangu anatimiza, sibishi. Ila anazitoa kwa awamu kama mkopo. Awamu ya mwisho humwishia saa kumi na moja alfajiri, na hapo ndipo ninapopata makofi yangu. Anapanda kitandani, ananikalia kifuani, ananipiga mashavuni kwa viganja viwili: "Baba. Baba. Amka." Yaani yeye anapigiwa makofi, mimi napigwa makofi. Tofauti ni herufi moja, lakini shavu linaijua.

Tukafika kwenye poti. Alikuwa na miaka miwili na miezi kama mitano, nepi zinakaa kavu kwa muda mrefu, anajificha nyuma ya pazia akitaka kufanya jambo lake, na ukimuuliza anasema hayupo. Dalili zote ziko tayari. Poti likaletwa, la bluu. Kwa siku nne lilikuwa kofia. Siku ya tano lilikuwa gari. Siku ya sita alilikalia saa nzima akihadithia, akanyanyuka pakavu, akaenda kukojoa kwenye kiatu changu. Siku ya tisa, tukiwa tumekata tamaa na kila mmoja yuko kwenye shughuli zake, tukasikia chururu. Plastiki ina mlio wake, huwezi kuukosea. Tulikimbia kutoka vyumba vitatu tofauti. Makofi! Vigelegele! Mama yake alicheza. Mimi nilicheza. Tukasema "Hodari! Amekojoa!" kama mara thelathini, na yeye akaushika ule utaratibu wote kichwani mwake: mtu akikojoa mahali panapotakiwa, anashangiliwa.

Jumapili iliyopita tulikuwa na wageni, sebule imejaa, jirani wa miezi 9 akiwa kwenye kochi kubwa. Nikajiiba kwenda chooni. Nafungua mlango kutoka, namkuta bwana mdogo amesimama pale pale, suruali nusu mlingoti. Alikuwa ananisubiri. Akachungulia ndani, akahakikisha, akageukia sebuleni na kutangaza kwa sauti ya mnadani:

"Baba amekojoa! Hodari!"

Akaanza kupiga makofi. Kwa nguvu, macho yanang'aa, bila mzaha hata chembe. Kimya kikatanda. Mama yake akaziba mdomo kwa kitenge. Nikafikiria taa niliyobadilisha, nikafikiria stuli, nikaona nafasi kama hii hairudi. Nikaweka mkono kifuani, nikainama mbele ya umati. Na jirani, baada ya kusita kidogo, akapiga mawili.