Futi au mita kwenye meza ya mchezo: kasoro ni ile mita moja na nusu

Pambano likianza, swali la kwanza la mchezaji huwa ni la umbali. Zimwi limesimama wapi? Mshale wangu utalifikia? Katika michezo ya mezani ya kuigiza wahusika, ile inayochezwa kwa dadu, karatasi na hadithi, anayejibu ni msimamizi wa mchezo, na jibu lake ndilo lililozaa ubishi wa miaka mingi: ataje futi au mita? Dungeons & Dragons, uliofungua njia mwaka 1974, uliandikwa na Wamarekani wawili, Gary Gygax na Dave Arneson, na vitabu vyake vya Kiingereza hadi leo vinahesabu kwa futi. Katika toleo la tano, mhusika wa kawaida hutembea futi 30 kwa zamu. Mchawi hurusha tufe la moto hadi futi 150, nalo huunguza kila kilicho ndani ya futi 20 kutoka pale lilipolipukia.

Wanaotetea futi wana hoja moja nzito, nayo ni wepesi wa kuhesabu. Ramani huchorwa kwa miraba, na kila mraba ni futi 5. Unasogeza kisanamu chako huku ukitaja tano, kumi, kumi na tano, ishirini, na hakuna anayetoa kalamu. Haikuwa hivyo tangu mwanzo. Mchezo huu ulitokana na michezo ya vita ambayo umbali wake ulipimwa kwa rula juu ya meza, na vitabu vya mwishoni mwa miaka ya 1970 bado viliandika mwendo kwa inchi: inchi moja ilikuwa futi 10 ndani ya mapango, lakini yadi 10 ukiwa nje. Yaani masafa ya mshale uleule yaliongezeka mara tatu kwa sababu tu umetoka mlangoni. Mraba wa futi 5 uliondoa usumbufu huo, na sioni haya kuusifu.

Hoja yao ya pili hainishawishi. Wanasema futi ina harufu ya kale, kwamba shujaa mwenye upanga hawezi kutamka neno “mita” bila kuharibu hadithi. Ni kweli kwamba mita ni mtoto wa jana. Sheria ya Ufaransa iliyoianzisha ni ya mwaka 1795. Lakini futi iliyomo vitabuni ni changa zaidi. Ni sentimita 30.48 kamili, kipimo kilichoafikiwa na nchi zinazotumia Kiingereza mwaka 1959. Futi ya kifalme ya Ufaransa ilizidi sentimita 32, na huko Ulaya miji mingi ilikuwa na futi yake. Kilicho cha kale hapo ni jina tu.

Mita nazo huonyesha ubora wake pale wachezaji wanapofanya jambo ambalo kitabu hakikulitarajia, na wachezaji hawaachi kufanya hivyo. Tuseme wamevunja bomba na maji yanajaa chumba cha mita 3 kwa 3, kimo mita 2. Hizo ni mita za ujazo 18, lita 18,000, tani 18. Umeshamaliza. Chukua chumba cha futi 10 kwa 10, kimo futi 7: una futi za ujazo 700, kila moja ina galoni 7.48 za Kimarekani na uzito wa ratili 62.4. Nani atapiga hesabu hiyo wakati wenzake wanazama? Safari ni vilevile, kwa kuwa maili moja ni futi 5,280, namba isiyogawanyika kirahisi kichwani.

Wala Umarekani si kizuizi. Traveller, mchezo wa safari za anga uliotoka Marekani mwaka 1977, ulitumia mita, kwa sababu dunia ya hadithi yake ilizitaka.

Kinachonisikitisha ni suluhisho la watafsiri. Katika vitabu vya Kijerumani, Kifaransa na Kiitaliano, futi 5 ziligeuzwa mita 1.5, futi 30 zikawa mita 9, futi 150 zikawa mita 45. Naelewa kwa nini: walitaka kila mraba ubaki vilevile na nguvu za wahusika zisiyumbe. Lakini sasa mchezaji anahesabu moja na nusu, tatu, nne na nusu, sita. Wepesi wa tano-tano umepotea, na faida ya mita haijapatikana. Wangeuita mraba mita 2. Mwendo wa miraba sita ungekuwa mita 12 kwa zamu ya sekunde 6, mwendo wa mtu mwenye haraka, na hakuna kanuni ambayo ingevunjika.

Wajerumani wenyewe walishaonyesha njia nyingine. Mchezo wao wa Das Schwarze Auge, wa mwaka 1984, una “hatua” ambayo ni mita moja, “shibiri” ya sentimita 20, na “jiwe” ambalo ni kilo moja. Hesabu ni ya mita, majina ni ya hadithi.

Anayesimamia mchezo kwa Kiswahili ana utajiri huo tayari. Shibiri mbili ni mkono, mikono minne ni pima, na pima moja, yaani urefu wa mikono iliyonyooshwa huku na huku, haiko mbali na mita 2. Mraba mmoja uwe pima moja. Kitabu kikisema futi, gawa kwa tano: mhusika anatembea pima 6, tufe la moto linafika pima 30 na kuunguza pima 4 kila upande. Mizigo ya msafara ihesabiwe kwa frasila, kama karafuu za Unguja na Pemba. Najua vijana wengi hawajasikia pima ikitumika nje ya habari za bahari na visima. Asiyeijua na asimame, anyooshe mikono yake.