Kiingereza si lugha ya mama yangu, na ndiyo sababu nafaa kukifundisha Japani

Nafundisha Kiingereza katika shule za umma za mji mmoja mdogo mkoani Niigata, Japani, kwenye mashamba ya mpunga na theluji ya kufunika madirisha. Cheo changu ni ALT, mwalimu msaidizi wa lugha. Siku nyingi niko sekondari ya chini, yenye watoto wa miaka 12 hadi 15. Siku nyingine naenda shule za msingi. Kazi hii naipenda, ndiyo maana naona vibaya kwamba imejengwa juu ya wazo nisilolikubali hata kidogo: kwamba mgeni anastahili kuingia darasani kwa sababu Kiingereza alikinyonya kwa mama yake.

Mimi sikukinyonya. Kwetu Kilifi, nyumbani ni Kigiriama, sokoni na mtaani ni Kiswahili, na Kiingereza nilikikuta shuleni, kimeandikwa ubaoni kwa chaki. Nilikitolea jasho. Nashikilia kwamba jasho hilo ndilo la thamani zaidi katika yote niliyowaletea watoto wa huku.

Wazo hilo lina historia yake. Mwaka 1987 serikali ya Japani ilianzisha mpango wa JET, wa kuleta vijana wa kigeni kusaidia kufundisha lugha shuleni, na kundi la kwanza lilikuwa la watu 848 kutoka nchi nne tu: Marekani, Uingereza, Australia na New Zealand. Leo mpango huo unachukua watu wa nchi zaidi ya 50, wakiwemo Wafilipino, Wajamaika, Waafrika Kusini na Wahindi. Lakini nje ya JET kuna kampuni za uwakala ambazo huajiri walimu na kuwapeleka kwenye shule za miji mbalimbali, na huko matangazo mengi ya kazi bado yanasema waziwazi kuwa anatakiwa mzawa wa lugha. Mkenya akiomba huambiwa alete ushahidi kwamba amesoma miaka 12 kwa Kiingereza. Ushahidi tunao. Kinachoniuma ni kuwa hakuna anayeuliza tulikisoma vipi.

Matokeo yake unayaona darasani. Kipindi cha sekondari ya chini ni dakika 50. Mwalimu wa Kijapani, ambaye ndiye mwenye darasa kisheria, anaeleza sarufi kwa Kijapani. Kisha ananigeukia. Nasoma aya ya kitabu, wanafunzi wanarudia. Nasoma tena, wanarudia tena. Kuna siku kipindi kizima hupita hivyo. Mwaka 1987 pengine hilo lilikuwa na maana, kwa sababu sauti ya mgeni ilikuwa kitu adimu kijijini. Sasa kila mtoto ana tableti yake ya shule, na vitabu vya kiada vimechapishwa alama za kuskani; mtoto akielekeza tableti anasikia aya ile ile ikisomwa na mzawa wa lugha, mara anazotaka. Sauti ipo tele. Mtu wa kumwambia mtoto namna ya kufika huko ndiye hayupo.

Simlaumu mwalimu mwenzangu hata chembe. Utafiti wa kimataifa wa OECD, shirika la ushirikiano wa kiuchumi, wa mwaka 2018 ulionyesha kuwa walimu wa sekondari ya chini wa Japani hufanya kazi saa 56 kwa wiki, nyingi kuliko nchi zote zilizoshiriki, wakati wastani ulikuwa saa 38. Mwenzangu anasimamia klabu ya tenisi jioni na Jumamosi, anapiga simu kwa wazazi, anasahihisha, anaandaa safari ya shule. Muda wetu wa kupanga somo ni ule tunaopanda ngazi kwenda darasani. Na mbele ya wanafunzi wa mwaka wa tatu uko mtihani wa kuingia sekondari ya juu, ambao kila mtu katika jengo lile anauhesabia siku.

Huku nyuma mzigo wa mtoto umeongezeka. Tangu Aprili 2020 Kiingereza ni somo rasmi, lenye alama, kwa darasa la tano na la sita la shule ya msingi, na mara nyingi hufundishwa na mwalimu wa darasa ambaye hakusomea kufundisha lugha. Mwaka uliofuata sekondari ya chini nayo ikapata mtaala mpya. Zamani mtoto alitakiwa kumaliza sekondari ya chini akijua maneno kama 1,200. Sasa anatoka shule ya msingi akiwa amepitishwa kwenye maneno 600 hadi 700, halafu anaongezewa mengine 1,600 hadi 1,800 katika miaka mitatu. Wapo wanaoachwa na basi hili muhula wa kwanza tu, na kuanzia hapo wanakaa kimya. Ukiwaangalia usoni unajua.

Mtoto wa namna hii anahitaji mtu aliyewahi kukwama pale pale. Chukua matamshi. Kijapani, kama Kiswahili na Kigiriama, kinapenda silabi iishie kwa irabu. Mtoto akikutana na konsonanti mbili zilizoshikana hutia irabu katikati, na neno likikatika kwa konsonanti huongeza irabu mwishoni. Nimewaona wenzangu kadhaa, watu wema na wenye bidii, wakisahihisha kosa hili kwa kulirudia neno kwa sauti kubwa zaidi. Hawasikii kinachotokea, maana vinywa vyao havijawahi kulifanya. Mimi nalisikia. Nawaambia watoto wapige makofi, kofi moja kwa kila silabi. Kwa neno la Kiingereza la deski wao hupiga matatu. Nawaambia nilipokuwa na umri wao nilikuwa napiga mawili, kisha nawaonyesha tunavyolipata kwa kofi moja, na ulimi unasimama wapi hewa inapotoka. Darasa linalojulikana kwa ukimya hujaa kelele ghafla.

Hata hivyo darasani si mahali ninapofanya kazi yangu bora. Kazi hiyo inaanza kwenye saa sita na nusu, watoto wa zamu wanapovaa aproni nyeupe, kofia na barakoa na kuleta masufuria ya chakula kutoka chini. Mwalimu mkuu ameshakionja mapema, kuhakikisha ni salama. Wali, samaki, supu ya miso, pakiti ya maziwa: sahani zinapangwa sawasawa, wote wanasubiri, wanashukuru kwa sauti moja, ndipo wanaanza. Mimi hukaa na darasa tofauti kila siku, kwenye kiti cha mwanafunzi. Baada ya chakula na mapumziko ni usafi. Madarasa na varanda husafishwa na wanafunzi na walimu wenyewe, kwa hiyo nami nachukua ndoo na kitambaa.

Siku moja nilikuwa napiga deki ukumbini na mvulana wa mwaka wa pili ambaye darasani hakuwahi kunijibu zaidi ya neno moja. Tumeinama sambamba, tunasukuma vitambaa kwa mikono miwili kama wanavyofanya huku. Akaniuliza kwa Kijapani, bila kuinua kichwa:

“Sensei (mwalimu), kwenu nyumbani mnazungumza Kiingereza?”

“La. Kigiriama.”

Akasimama. “Sasa Kiingereza ulikitoa wapi?”

“Shuleni, kama wewe.”

Akataka kujua nini kilinishinda. Nikamwambia tahajia: kwamba kwetu neno linaandikwa linavyosomwa, na Kiingereza kilinichanganya kwa herufi zisizotamkwa. Akacheka kwa nguvu, akawaita wenzake wawili waje wasikie. Kuanzia hapo akawa analeta daftari lake kwenye sinki tunapokamulia vitambaa, nimwonyeshe nilivyokuwa nakariri: kulikata neno vipande, kulifunika, kuliandika, kufunua. Alama zake zilipanda kidogo tu. Alichoacha kabisa ni ule usemi wake kwamba yeye hakuumbiwa Kiingereza.

Na sasa nije kwenye mikataba, maana hapa ndipo hasira yangu ilipo. Kampuni niliyoanza nayo ilikuwa imeuza huduma kwa mji kwa mkataba wa zabuni ambao, kisheria, haumruhusu mwalimu wa shule kumpa ALT maagizo moja kwa moja. Lazima yapitie kwenye kampuni. Fikiria watu wawili waliosimama mbele ya darasa moja, na mmoja haruhusiwi kumwambia mwenzake ajaribu zoezi jingine. Muda wa chakula haukuhesabiwa kuwa kazi. Usafi haukutajwa kabisa. Agosti shule zilipofungwa, mshahara ulikatwa. Na kwa miaka mingi kampuni za namna hii zilipenda mikataba ya saa 29.5 kwa wiki, nusu saa tu chini ya kiwango kilichozoeleka cha kumwingiza mfanyakazi kwenye bima ya jamii, hadi sheria ilipoanza kubanwa kwa kampuni kubwa mwaka 2016. Mtu anayeishi hivyo hutafuta kazi nyingine haraka, na yule mvulana huletewa mwalimu mgeni mwingine kila Aprili, mwaka wa shule unapoanza.

Siku hizi nimeajiriwa na mji wenyewe. Mkataba ni wa mwaka mmoja mmoja, na hilo bado ni baya. Lakini nina meza yangu katika ofisi ya walimu, katikati ya walimu wa mwaka wa pili. Nasikia mtoto gani ana matatizo nyumbani, nani amegoma kuja shule, na mwalimu mwenzangu anaweza kunigeukia tu akaniuliza. Ningependa kila bodi ya elimu iajiri hivi, na katika usaili iache kupima lafudhi, imwombe mwombaji aeleze lugha ya pili aliyojifunza na alivyoipata. Mmarekani aliyehangaika na Kihispania hadi akakiweza atalijibu swali hilo vizuri. Mkenya na Mtanzania watalijibu bila kufikiri.

Kwa vijana wa kwetu wanaoniandikia wakitaka kuja: njooni. Kabla ya kusaini, ulizeni mwajiri ni mji au kampuni, ulizeni kama Agosti inalipwa, na ulizeni mtakula wapi mchana. Ukiambiwa utakula ofisini, omba ubadilishiwe ukae na wanafunzi. Mimi nilimwomba naibu mwalimu mkuu kwa heshima, akaniwekea ratiba ya madarasa wiki ile ile.