Kitabu kimoja kwa jiji zima

Januari ya mwaka juzi tulikuwa ndani ya basi, mimi na binti yangu wa miaka 9, tukielekea katikati ya Dublin. Kiti cha mbele yetu alikaa mvulana wa rika lake, kainamia kitabu. Binti yangu akanigusa mkono, akafungua begi la shule, akatoa kitabu kilekile. Hata hawakusalimiana. Mvulana aliuliza tu amefika ukurasa wa ngapi, na kuanzia hapo mpaka kituo chetu wakawa wanabishana kuhusu mtu mmoja kwenye hadithi, kama ni wa kuaminika au ni mnafiki. Mama yake, Mbrazili, akanitazama, tukacheka wote wawili. Watoto wa wageni, shule tofauti, hawajawahi kuonana, na tayari wana la kubishania.

Haikuwa bahati. Kila mwaka maktaba za Jiji la Dublin huchagua kitabu kimoja cha hadithi kwa ajili ya watoto wa shule za msingi. Nakala husambazwa kwenye matawi ya maktaba, walimu huhimizwa kukisoma darasani, na mwandishi mwenyewe huzunguka maktabani kuzungumza na wanafunzi. Mwaka 2016 walichagua kitabu cha E.R. Murray ambacho visa vyake vinatokea humuhumu Dublin. Watu wazima nao wana kitabu chao cha mwezi Aprili tangu mwaka 2006. Wazo lenyewe lilianzia Marekani, mjini Seattle, mwaka 1998, mkutubi Nancy Pearl na wenzake walipotaka mji mzima usome kitabu kimoja, na tangu hapo miji mingi imeiga.

Nimekaa Ayalandi miaka 11, nahudumia wazee. Kuna mambo mengi ya huku ambayo siombi yafike kwetu, na la kwanza ni upweke wa wazee hao. Lakini hili la kitabu ningelibeba mgongoni mpaka Dar es Salaam.

Kilichonishangaza kuliko vyote ni jinsi kitabu kinavyoaminiwa mikononi mwa mtoto. Kadi ya maktaba ni bure. Faini za kuchelewesha vitabu zilifutwa nchi nzima Januari 2019. Mara ya kwanza binti yangu alipoazima, mkutubi alimkabidhi vitabu vinne, akamwambia arudi akimaliza. Mimi nilibaki nimesimama pale nikisubiri onyo. Sikuambiwa kisichafuke, sikuambiwa kisipotee.

Mimi nilisoma Temeke miaka ya tisini. Nikiwa darasa la tano yalikuja maboksi ya vitabu shuleni kwetu. Tulivibeba wenyewe kutoka kwenye gari, tukaambiwa tuvipange kabatini ofisini kwa mwalimu mkuu, kabati lenye vioo. Likafungwa kwa kufuli. Tulivitazama kila tulipotumwa ofisini kupeleka daftari la mahudhurio, majalada yake ya rangi yakiwa yametuelekea. Nikamaliza la saba sijagusa hata kimoja. Simlaumu mwalimu yule. Alijua akija mkaguzi ataulizwa vitabu vingapi vipo, na hakuna atakayemuuliza vimesomwa na wangapi.

Ndugu zangu mlio nje, hapa nina neno nanyi kuhusu maboksi.

Mwaka 2018 nilikusanya vitabu zaidi ya 60 kutoka kwa majirani na maduka ya mitumba ya huku, nikalipia nafasi kwenye kontena, vikafika kwa dada yangu Mbagala. Vyote vya Kiingereza, kila kimoja cha aina yake: cha theluji, cha farasi, cha watoto wanaolala bwenini Uingereza. Nilijisikia nimetenda jambo kubwa. Baada ya mwaka mzima dada alinieleza ukweli kwa upole. Mwanawe mkubwa alisoma viwili, wengine walitazama picha, na vilivyobaki vimekaa chini ya kitanda. Mtoto mmoja akisoma kitabu ambacho hakuna mwenzake aliyekisoma, anakimaliza na kunyamaza nacho.

Nilipokwenda likizo mwaka 2022 nikafanya kinyume. Nilinunua dukani mjini nakala sita za hadithi moja fupi ya Kiswahili, nikawagawia watoto sita wa mtaa ule. Sita tu. Siku ya tatu kulikuwa na watoto kumi na kitu barazani jioni, kwa sababu wasiokuwa na nakala walikuwa wanachungulia kwa wenzao. Mmoja anasoma kwa sauti, mwingine anamsahihisha, wa tatu anamkataza asiseme mwisho kwa kuwa yeye bado. Mama mkwe wa dada yangu, aliyekuwa anachagua mchele pembeni, akawa anauliza, "Haya, yule mtoto alirudi kwao?" Siku iliyofuata akasogeza kiti karibu. Vitabu vyangu 60 havikufanya hata robo ya kazi ile.

Watu wataniambia haya ni mambo ya Ulaya. Wanaosema hivyo wamesahau tulikotoka. Mwaka 1973 nchi yetu iliendesha kampeni ya Mtu ni Afya. Kwa wiki 12, watu wazima karibu milioni mbili walikaa kwenye vikundi, vijijini na mijini, wakisikiliza kipindi kilekile cha redio na kufuata kijitabu kilekile kilichoandikwa kwa Kiswahili chepesi, kisha wakajadiliana na kwenda kuchimba vyoo. Miaka miwili baadaye tukafanya tena, safari hiyo kuhusu lishe, Chakula ni Uhai. Hiyo ni miaka zaidi ya 20 kabla ya Seattle. Na sisi tuliokuwa watoto tulikuwa na kipindi cha Mama na Mwana kwenye Redio Tanzania. Deborah Mwenda akisimulia, mtaa mzima tulisikiliza hadithi moja, na kesho yake shuleni kila mtu aliijua. Kusoma pamoja kwetu si kitu cha kigeni. Tulikiacha tu, tukabaki na kitabu cha kiada na mtihani.

Tena sisi tuna jambo ambalo Dublin ingelitamani. Darasa la binti yangu lina watoto wanaoongea Kipolandi, Kireno, Kiarabu, Kiukraini na Kiswahili chake yeye, na wote inabidi wakutane kwenye Kiingereza, ambacho nusu yao wanajifunza. Ukichagua kitabu cha Kiswahili Dar es Salaam, kila mtoto anakielewa, na bibi yake anakielewa pia.

Isipokuwa tumeshawagawa watoto wetu wenyewe. Upande mmoja wa ukuta wapo wa English medium, shule za kulipia zinazofundisha kwa Kiingereza, upande mwingine wa Kayumba, yaani shule za serikali. Wanapanda magari tofauti, wanavaa sare tofauti, na wengine wanafundishwa kuona aibu kusoma hadithi kwa lugha ya mama zao. Hapa ndipo moyo wangu ulipo. Ninataka mtoto wa shule ya kulipia Mikocheni na mtoto wa shule ya serikali Tandika wakutane kwenye daladala, kila mmoja na nakala yake, waulizane wamefika wapi.

Najua Dar es Salaam ina watu zaidi ya milioni 5.3 kwa sensa ya 2022, wakati Jiji la Dublin halifiki laki sita, na najua madarasa yetu yalivyojaa. Hakuna atakayenunua nakala kwa kila mtoto, na huku pia wengi huazima. Lakini mwalimu mmoja mwenye nakala moja anaweza kuwasomea watoto 90 kwa robo saa kabla ya kengele ya kwenda nyumbani. Redio inaweza kusoma sura moja kila jioni. Maktaba Kuu iliyo Barabara ya Bibi Titi, iliyofunguliwa na Mwalimu Nyerere mwaka 1967, ipo. Tangu 2022 tuna Tuzo ya Taifa ya Mwalimu Nyerere ya Uandishi Bunifu, kwa hiyo waandishi wapo pia. Na njia ya kutoka shule hadi kata, wilaya na mkoa tunaijua vizuri, ndiyo inayopitiwa kila mwaka na UMITASHUMTA, Umoja wa Michezo na Taaluma wa shule za msingi. Ile TA ya katikati ni ya Taaluma, michezo isiibebe safari yote peke yake.

Sharti langu ni moja, na hili sitalilegeza: kitabu hicho kisitungiwe mtihani. Siku mtoto atakapoulizwa "taja wahusika watano" ili apewe alama, wazazi watatafuta tuisheni ya kitabu, na kile cha barazani kitakuwa kimekufa. Huku walimu wanawaambia wachore, waigize, wamwandikie mwandishi barua. Binti yangu alimwandikia kurasa mbili za malalamiko kuhusu mwisho wa hadithi.

Desemba nakuja. Badala ya boksi, nimeweka akiba ya nakala 40 zitakazonunuliwa hapohapo Dar, za hadithi moja, kwa darasa la nne la shule iliyo jirani na dada yangu na kwa watoto wa English medium iliyo ng'ambo ya barabara, ishirini kwa ishirini. Walimu wa pande zote mbili wamekubali kuanza Januari wiki moja. Wenzangu watano wa Dublin na mmoja wa Cork, mji mwingine wa huku, wameahidi kufanya vivyo hivyo kwa shule zao. Kitabu bado hatujachagua. Dada anasema tuwaulize wale watoto sita wa barazani, na amekwishawaita.