Daka la Mkomani halifungwi kwa geti

Wiki iliyopita nilipita Mkomani, mtaa wa Mji wa Kale wa Lamu, baada ya alasiri nikakuta daka la nyumba moja, yaani kibaraza cha mlangoni kinachotazama njia, limetiwa geti la chuma na kufuli. Nyumba imeuzwa, na mwenyewe mpya huja likizo tu. Baraza mbili za mawe walizokuwa wakikalia wazee wa mtaa sasa ziko nyuma ya nondo. Sijatulia tangu siku hiyo.

UNESCO ilipouingiza Mji wa Kale wa Lamu kwenye urithi wa dunia mwaka 2001, tulisifiwa matumbawe, chokaa na boriti za mikoko. Haya, kuta zipo. Lakini nyumba ya Kiamu ilijengwa ikaliwe katikati ya watu. Daka ni la mwenye nyumba na ni la mtaa pia. Hapo hupokewa mgeni wa kiume, hapo hupatanishwa waliogombana, hapo mtoto aliyetumwa dukani husimamishwa na kuulizwa, "We mwana wa nani?" Ukivuka mlango unaingia tekani, ukumbi mdogo wa ndani, na njia inapinda kabla hujafika kiwanda, yaani ua wa ndani, ili jicho la mpita njia lisiwafikie wanawake. Ndani kumesitirika kwa sababu nje pana mahali pa kumkaribisha mtu. Funga daka, na mtaa unabaki kuta tupu huku na huku.

Na vichochoro vyetu mnavijua. Punda wawili wenye mizigo ya mawe wakikutana, anayepita kwa miguu hupanda barazani kuwapisha. Sasa bibi mwenye kikapu apande wapi?

Nakubali, nyingi ya nyumba zilizouzwa zilikuwa zinaporomoka, warithi hawapatani, boriti zimeoza. Wanunuzi wamezisimamisha, na mafundi wetu wamepata riziki. Hilo siwanyimi. Katika mtaa wa Langoni, ambako wanunuzi hawajajaa hivyo, baraza bado zina watu mpaka usiku, na wakati wa Maulidi kule msikiti wa Riyadha hupati pa kukaa.

Wanaokagua ukarabati wa Mji wa Kale huuliza chokaa, huuliza boriti, huuliza mlango wa nakshi. Waulize na daka. Liandikwe kwenye kibali kwamba litabaki wazi mwaka mzima, mwenyewe awepo asiwepo, na geti lile la Mkomani ling'olewe kwanza.