Msimwambie mtoto kwamba baba amesafiri

Mdogo wangu alifariki akiwa na miaka 34. Hakuugua. Asubuhi alimfunga mwanawe kamba za viatu, akamwambia kama kawaida yake, "Vuta pumzi, tukaze," kisha akatoka. Adhuhuri haijafika, simu ikapigwa: moyo umesimama. Mtoto alikuwa na miaka 3.

Alikuwa mwema, na wengi wamelisema hilo vizuri kuliko mimi. Kinachoniuma hadi leo ni maneno tuliyompa mtoto. Mtu mzima mmoja, kwa huruma tu, alimwambia baba amesafiri. Mwingine akasema amelala. Basi kila mlango ukigongwa mtoto anakimbia kufungua. Usiku hakutaka mama yake asinzie. Akimwona amefumba macho anamfunua kope kwa vidole. Nililiona hilo mwenyewe.

Mtoto wa umri ule bado hajui kwamba kifo hakina marejeo, na neno hulichukua kama lilivyo. Msafiri hurudi, asiporudi, basi hakutaka. Ndiyo maana nasema, hata ulimi ukiwa mzito: mwambieni baba amekufa. Mwili wake umeacha kufanya kazi, hapumui, haumwi, hasikii baridi, hatarudi. Na mwambieni si kosa lake. Hili lisemwe hata kama hajauliza, kwa sababu watoto wadogo huamini kwamba wazo au hasira yao inaweza kumdhuru mtu. Wa kwetu aliuliza baada ya miezi mingi: je, baba alikufa kwa sababu nilimkasirikia alipokaza kamba sana? Miezi yote hiyo alikuwa amelibeba peke yake, na sisi tukimsifu kwamba ametulia.

Kisha kuna kusahau. Mambo ya kabla ya miaka 3 au 4 karibu yote hufutika mtu anapokua. Huyu mtoto atamjua baba yake kupitia vinywa vyetu, kwa hiyo sitaki kumpa yale ya "alikuwa mtu wa watu". Nimeanza kuandika vitu vidogo: alivyopiga mluzi akitafuta funguo, alivyowaogopa mbwa akajifanya hawaoni, alivyochelewa kila mahali, hasira zake za karibu na namna alivyorudi kuomba radhi kabla hujakaa chini. Kasoro zake nazo ni urithi wa mtoto. Upo pia ujumbe mmoja wa sauti, sekunde 11, anauliza tu kama nimefika. Nimeuhifadhi mahali patatu, maana simu hupotea.

Na nyinyi ndugu wa aliyeondoka ghafla, nendeni mkapimwe moyo. Baadhi ya maradhi yanayowaua vijana hivi, kama lile la misuli ya moyo kuwa minene, hutembea katika ukoo, na huweza kukaa bila dalili yoyote. Mimi nilikwenda. Mtoto naye anapimwa.

Sasa ana miaka 6. Jumamosi nilimkuta kizingitini akijifunga viatu mwenyewe, ulimi nje, kamba zimemkatalia. Akasimama kidogo, akavuta pumzi ndefu, akakaza. Nikamuuliza nani amemfundisha kuvuta pumzi.

"Baba," akasema. "Si wewe uliniambia?"